Sindano Ipo, Mbona Bado Wanalazwa?

Somo kwa kamati za parokia kuhusu vijana wenye kisukari cha aina ya kwanza



Katika matoleo yaliyopita tumewaletea habari za visima, ng'ombe wa maziwa na vikundi vya kuweka na kukopa. Safari hii tunaleta somo la afya, na tunalileta kwa sababu limetufundisha sisi wenyewe kabla hatujamfundisha mtu mwingine. Kwa muda sasa tumekuwa tukiwasaidia vijana tisa wa parokia zetu za kandokando ya Ziwa Victoria wenye kisukari cha aina ya kwanza. Tulipoanza tulidhani kazi iliyo mbele yetu ni moja tu, yaani insulini ipatikane. Kwa msaada wenu insulini ilipatikana. Kila mwezi vijana walikuja, wakatia sahihi kwenye daftari, wakaondoka na chupa zao. Katika taarifa tuliyowaletea wafadhili tuliandika kwamba dawa yote iliyopangwa imetolewa, na hayo yalikuwa kweli.

Hata hivyo baadhi yao waliendelea kulazwa. Na mmoja, binti wa miaka 16, tulimzika. Baada ya mazishi mama yake alituletea chupa mbili za insulini zilizoviringishwa ndani ya kitenge, hazijafunguliwa, akasema, "Baba Paroko, mpeni mtoto mwingine, huenda zikamfaa." Daftari letu lilionyesha kwamba yule binti alipokea dawa kila mwezi bila kukosa.

Chupa zile mbili ndizo zilizotufanya tukae chini na wale vijana wanane, pamoja na wazazi wao na sista wa zahanati. Tuliacha kuuliza, "Mbona hamfuati masharti?" Tukauliza, "Hebu tueleze siku yako inavyokwenda, tangu unapoamka mpaka unapolala." Mengi ya yaliyo katika somo hili yametoka kwenye majibu yao, na mengine tumeyapata kwa waganga na kwenye tafiti zilizofanywa hapa nchini na kwingineko.

UGONJWA WENYEWE

Wengi wetu tukisikia kisukari tunamfikiria mzee mnene anayekatazwa soda. Hicho ni cha aina ya pili, ambapo insulini ya mwili inakuwepo lakini haitoshi au haifanyi kazi vizuri. Katika aina ya kwanza, askari wa mwili, yaani kinga, hugeuka na kushambulia sehemu ya kongosho inayotengeneza insulini, mpaka insulini inakwisha karibu yote. Mara nyingi huanza utotoni au ujanani. Hausababishwi na kula sukari nyingi, hauambukizi, na si matokeo ya kurogwa wala laana ya ukoo. Mtoto hakufanya kosa, na mama yake pia hakufanya.

Bila insulini, sukari hubaki kwenye damu huku mwili ukiwa na njaa. Mwili huanza kuchoma mafuta yake kwa fujo, na damu hujaa asidi. Mgonjwa hutapika, tumbo humuuma, hupumua kwa nguvu na kwa kina, na pumzi yake huweza kunukia kama matunda yaliyoiva sana. Asipopata tiba haraka hufariki. Kabla ya insulini kugunduliwa mjini Toronto, Kanada, mwaka 1921, mtoto mwenye ugonjwa huu hakuwa na matumaini. Wa kwanza kuchomwa sindano hiyo alikuwa mvulana wa miaka 14, Leonard Thompson, Januari 1922. Leo kijana anaweza kusoma, kuoa au kuolewa, kuzaa na kuzeeka akiwa na ugonjwa huu. Lakini insulini ni lazima iingie mwilini kila siku ya maisha yake, mara mbili au mara nne kwa siku au hata zaidi, na kipimo chake kilingane na chakula na kazi ya siku hiyo. Kazi ambayo kongosho lako na langu linaifanya bila sisi kujua, kijana huyu anaifanya kwa akili yake, huku akiwa na mtihani wa hesabu saa mbili asubuhi.

Faida ya kuifanya vizuri inajulikana. Utafiti mkubwa wa Marekani na Kanada ulioanza mwaka 1983 na kutoa matokeo mwaka 1993 uliwafuatilia watu 1,441 wa miaka 13 hadi 39. Waliotunza sukari yao karibu na kawaida walipunguza hatari ya kuanza kuugua macho kwa asilimia 76. Figo na mishipa ya fahamu navyo vilinufaika. Kwa hiyo hatuzungumzii leo na kesho tu. Tunazungumza kama huyu msichana atakuwa na macho ya kuwasomesha watoto wake.

KUGUNDULIKA

Hatutakaa sana hapa, ila jambo moja kila mwanakamati alijue. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2007 kuhusu watoto na vijana waliotibiwa Hospitali ya Taifa Muhimbili ulionyesha kwamba wengi wao waligunduliwa wakiwa tayari katika ile hali ya hatari ya asidi. Katika maeneo yetu mtoto anayetapika na kupumua kwa shida hupewa dawa ya malaria kwanza. Mtoto akiwa na kiu isiyoisha, akikojoa mara nyingi, akianza tena kukojoa kitandani wakati alikwisha kuacha, na akikonda ingawa anakula, aombewe kipimo cha sukari siku hiyohiyo. Ni tone moja la damu, na jibu hutoka kabla mama hajamaliza kufunga kitenge.

CHAKULA NA SAA ZA CHAKULA

Kwa vijana wetu hili ndilo la kwanza walilolitaja, nasi tukaona aibu kwamba hatukuwahi kuliuliza. Insulini wanayotumia wengi wao ni ya mchanganyiko, ile inayoonekana kama maziwa ukiizungusha. Sehemu yake hufanya kazi mapema na sehemu nyingine hupata nguvu saa kadhaa baadaye. Maana yake ni kwamba ukishachoma asubuhi, umeshaahidi kula mchana. Kijana hawezi kubadili mawazo njiani.

Sasa mfikirie kijana ambaye nyumbani kwao mlo wa uhakika ni mmoja, nao ni wa jioni. Akichoma asubuhi, mchana sukari itashuka, atatetemeka, atatoka jasho, atachanganyikiwa na pengine kuanguka shambani. Imemtokea mara mbili, mara ya tatu anaacha kuchoma. Sisi tulimwandika "hafuati masharti". Yeye alikuwa anajiokoa kwa njia pekee aliyoijua, ingawa njia hiyo nayo inaua polepole. Jibu la haki kwa kijana huyu si mahubiri. Ni daktari kujua ukweli wa chungu cha nyumbani ili apange aina na kipimo cha insulini kinacholingana nacho, na ni jumuiya kuhakikisha mlo wa mchana upo.

Kuna pia mafundisho ya lishe yasiyofanana na meza zetu. Kijana mmoja alipewa kijikaratasi kinachomshauri ale mkate wa ngano nzima na tufaha. Kwao wanakula ugali wa muhogo na dagaa, na msimu wa kiangazi michembe na matobolwa. Alikihifadhi kijikaratasi kile vizuri sana ndani ya daftari la dini, akaendelea kula alichopikiwa, bila kujua kwamba michembe ni viazi vilivyokaushwa, kwa hiyo bakuli lile dogo lina wanga mwingi kuliko bakuli hilohilo la viazi vibichi vilivyochemshwa. Kumwambia "usile viazi" si msaada. Msaada ni kumwonyesha kwa kikombe na kwa konzi ya mkono ale kiasi gani, aongeze mboga na maharage au samaki, na chai anywe bila sukari, isipokuwa sukari yake imeshuka. Familia nzima ikila hivyo, hakuna anayedhurika, na kijana hajioni kama mfungwa mezani.

Shule za bweni ni habari nyingine. Mvulana wa kidato cha pili alitueleza siku yake. Bweni hufungwa alfajiri na kufunguliwa mchana, kwa hiyo huchoma sindano saa kumi na moja alfajiri kabla ya kutoka. Kisha mchakamchaka, kisha usafi, kisha vipindi viwili. Uji hunywewa saa nne. Yaani mwili wenye insulini unakimbizwa na kuachwa na njaa karibu saa tano! Alikuwa akianguka darasani, na walimu walifikiri ni kifafa. Mkuu wa shule alipoelezwa hakuwa na ubishi. Dawa ilihamia chumba cha wagonjwa kwa matroni, sindano ikasogezwa mpaka muda wa uji, na kijana akapewa kikombe chake mapema. Haikugharimu hata shilingi moja, ila ilihitaji mtu mzima aende shuleni akaeleze. Mzazi wake alikuwa ameogopa kusema asije akakataliwa nafasi.

KUPIMA

Kuchoma insulini bila kupima sukari ni sawa na mvuvi wa dagaa kwenda ziwani usiku bila karabai. Kwa kawaida vijana huelekezwa kulenga kati ya 4 na 10 kwa vipimo vya milimoli, na ikishuka chini ya 4 wachukue hatua. Lakini stripu, yaani vile vijiti vya kuwekea tone la damu, mara nyingi ndizo zinazokwisha kwanza. Vijana wetu walikuwa wakipima siku ya kliniki tu, na wengine walipima siku mbili kabla ya kliniki ili daftari lisionekane tupu. Wengine, tunasema kwa upole, walibuni namba. Walibuni kwa sababu namba mbaya ilileta karipio. Binti mmoja alisema, "Nikiandika 18 nesi ananigombeza mbele ya watu, nikiandika 8 ananisifu." Namba 8 aliyoisoma daktari ilimfanya asiongeze dawa iliyohitajika. Kinachowafichua ni kipimo cha wastani wa miezi miwili hadi mitatu, na kikifichua, kijana hukaripiwa mara ya pili.

Hapa tuna neno kwa wafadhili wetu wa ng'ambo, na tunalisema kwa shukrani na kwa uwazi. Tumepokea mashine za kupimia nyingi na nzuri. Lakini stripu ya kampuni moja haiingii kwenye mashine ya kampuni nyingine, na tuna mashine kabatini ambazo stripu zake haziuzwi Mwanza. Aidha, mashine za kutoka Marekani husoma kwa miligramu. Mama mmoja alikimbia kilomita kadhaa na mtoto mgongoni kwa sababu mashine ilisoma 180, naye alifundishwa kwamba ikizidi 20 ni hatari. Miligramu 180 ni milimoli 10, kwani unagawanya kwa 18. Tafadhali, kabla ya kutuma mashine, tuulizeni inayotumika hapa ni ipi. Afadhali kununua stripu za mwaka mzima kwa mashine zilizopo.

UMRI WA UJANA

Miili ya vijana hawa inawasaliti wakati uleule ambapo wanataka kujitegemea. Wakati wa kubalehe homoni za kukua hupunguza nguvu ya insulini, hivyo kipimo kilichotosha mtoto wa miaka 10 hakimtoshi akiwa na miaka 14, hata akifuata yote aliyoelekezwa. Wasichana wengi huona sukari ikipanda karibu na siku zao za mwezi. Mzazi asiyejua haya humshuku mwanawe kwamba anakula pipi kwa siri. Tuliwasikia wawili wakisema walishukiwa hivyo mpaka wakaona, basi, heri tu kula hizo pipi.

Halafu kuna haya. Mvulana anayetoa bomba la sindano bwenini huitwa teja. Msichana huogopa kwamba habari zikienea hakuna atakayemposa, na wazazi wengine humfundisha waziwazi kuficha. Anayeficha hachomi akiwa safarini, harusini au kwenye kwaya. Huruka sindano ya mchana, akisema atafidia jioni. Wapo pia wasichana wanaogundua kwamba wakipunguza insulini wanakonda, na hili hawamwambii mtu.

Nani awe na dhamana, kijana au mzazi? Tuliona makosa ya pande mbili. Baba mmoja alimkabidhi mwanawe wa miaka 11 kila kitu siku aliyotoka hospitali, akisema "wewe sasa ni daktari wako." Mama mwingine alimchoma binti wa miaka 17 kwa mkono wake mwenyewe, na binti alipokwenda chuo hakujua hata kuvuta dawa kwenye bomba. Tafiti za nchi nyingi zinakubaliana kwamba vijana hufanya vizuri pale mzazi anapobaki karibu kwa miaka mingi, akiachia kazi kidogokidogo, huku mazungumzo yakiwa ya amani. Mzazi asiyejua kusoma anaweza kufanya hivi. Mama mmoja haisomi mashine, lakini kila jioni huketi na mwanawe wakati wa kuchoma, akamuuliza namba, akaihifadhi kichwani. Kijana huyo hajalazwa tangu mama aanze utaratibu huo.

Jambo dogo la kuangalia ni mahali pa kuchoma. Vijana hupenda sehemu moja isiyouma. Baada ya muda pale huota uvimbe laini, na insulini ikiingia humo haifyonzwi vizuri. Sista alipowapapasa mapaja na matumbo alikuta uvimbe kwa zaidi ya mmoja. Wazungushe sehemu.

IMANI NA DAWA

Sasa turudi kwa yule binti. Alikuwa amehamia kwa shangazi yake ili awe karibu na shule. Jirani walikuwa na kikundi kimoja cha maombi, wakamwambia kwamba akiendelea kuchoma sindano anaonyesha hana imani. Aliacha. Siku ya kwanza na ya pili hakujisikia vibaya sana, akaona amepona. Siku zilizofuata alianza kutapika, wakazidi kuomba. Alifikishwa hospitalini akiwa hajitambui.

Ingekuwa rahisi kwetu kuwalaumu wale watu na kuishia hapo. Lakini sisi tulikuwa na daftari lenye sahihi yake, na hakuna hata mmoja wetu aliyekwenda kwa shangazi yake kumwona. Shangazi mwenyewe hakuwahi kufundishwa lolote, kwa kuwa mafunzo tuliyatoa kwa mama tu. Na tuseme kweli, hata katika vigango vyetu wapo waliowahi kusimama na kushuhudia kwamba wameacha dawa, na tukapiga makofi. Wengi mnakumbuka mwaka 2011, magari yalivyopanga foleni kwenda Samunge kule Loliondo kunywa kikombe. Waamini wetu walikuwemo, na viongozi pia.

Tunaomba mapadre na makatekista walitamke hili altareni na katika mafundisho ya kipaimara: kijana mwenye kisukari cha aina ya kwanza aombewe, na achome sindano. Akiugua homa au akitapika asiache insulini kabisa. Apunguze au aongeze kwa maelekezo ya kliniki, anywe maji, na apelekwe hospitali.

Kuhusu kufunga, sheria ya Kanisa haimlazimishi mgonjwa, na ndugu zetu Waislamu nao wana ruhusa kama hiyo kwa mgonjwa wakati wa Ramadhani. Lakini ruhusa isiyotangazwa haimsaidii kijana ambaye kwaya nzima inafunga. Wapo wanaofunga Ijumaa Kuu ili wasionekane dhaifu. Jambo jingine hatukulitegemea. Kijana mmoja mtumishi wa altare alisikia sukari ikishuka wakati wa somo la pili. Alikuwa na pipi mfukoni, hakuila kwa sababu alitaka kukomunika. Alianguka na chetezo. Ndugu zangu, maji na dawa havivunji mfungo wa Ekaristi, na Sheria ya Kanisa, kanuni ya 919, inamruhusu mgonjwa kukomunika hata kama amekula ndani ya ile saa moja. Kwa nini mtoto wetu hakujua? Hakuna aliyemwambia.

JOKOFU NA MTUNGI

Tulinunua jokofu na kuliweka ofisi ya parokia. Tuliona fahari, tukalipiga picha. Chupa ambazo hazijafunguliwa hutunzwa kati ya nyuzi 2 na 8, hivyo wazo lilikuwa zuri. Lakini ofisi hufungwa mchana, Jumatatu ni mapumziko, na kijana wa kigango cha mbali hutembea saa mbili kufuata chupa. Umeme ukirudi kwa nguvu, chupa zilizo karibu na barafu huganda, na insulini iliyoganda haifai tena hata ikiyeyuka. Tulipoteza kadhaa.

Wakati huohuo bibi wa kijana mmoja alikuwa na mtungi. Mwaka 2021 ulichapishwa utafiti wa Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva uliotokana na hali halisi ya kambi ya wakimbizi ya Dadaab, Kenya, ambako joto la nyumbani hupanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37. Walikuta kwamba insulini iliyotunzwa katika joto hilo kwa wiki nne ilibaki na nguvu sawa na ile ya kwenye jokofu. Kwa hiyo chupa moja inayotumika inaweza kukaa nyumbani kwa wiki nne, mahali penye kivuli, ndani ya chungu cha udongo chenye mchanga uliolowanishwa, chupa ikiwa ndani ya chombo kikavu ili maji yasiifikie. Isiwekwe juani, juu ya bati wala karibu na jiko. Akina mama wa WAWATA wameshafinyanga vyungu vya kutosha vijana wote. Jokofu linabaki kwa akiba ya ghala.

NAULI

Kwa anayetoka Ukerewe, kliniki ya Mwanza ni meli, ni daladala, na pengine ni kulala kwa ndugu. Mama anapoteza siku mbili za soko. Dawa ikiwa ya bure na nauli ikiwa haipo, dawa haipo. Ndiyo maana tulifurahi mwaka 2022 mawaziri wa afya wa Afrika walipokutana Lomé, Togo, wakapitisha mkakati unaoitwa PEN-Plus wa kupeleka tiba ya magonjwa kama haya katika hospitali za wilaya. Kamati za parokia ziulize hospitali zao za wilaya juu ya mkakati huo. Misaada mingi ya insulini kwa watoto ina kikomo cha umri pia, na kijana akikifikia huhamia kliniki ya watu wazima, akikaa benchi moja na wazee wa miaka 60 na ugonjwa usio wake. Wengine hupotea hapo. Tunaanza kumsindikiza kila mmoja katika ziara tatu za kwanza.

Kwa robo hii tumebadili bajeti kwa idhini ya wafadhili. Fedha iliyotengwa kwa jokofu la pili imekwenda kwenye stripu na nauli. Daftari la sahihi limeongezwa safu tatu: alipimwa lini nyumbani, nani amemtembelea, na anaishi na nani sasa. Kila kamati iteue mtu mmoja wa kumtembelea kijana wake mara mbili kwa mwezi, si kwa ukaguzi bali kunywa chai, na asiwe mtu wa kugomba. Akihama, aliyehamia kwake afundishwe ndani ya wiki hiyo.

Na kuanzia Jumapili hii, kila sakristia na kila kigango kiweke kopo la sukari, kikombe na kijiko, na viongozi wajue kazi yake. Kijana mwenye kisukari akianza kutetemeka, kutoka jasho, kukasirika bila sababu au kuongea ovyo, apewe vijiko vitatu vya chai vya sukari katika nusu glasi ya maji. Baada ya dakika 15 apimwe. Kama bado, arudie. Akipata nafuu ale kitu kidogo kama ndizi au mkate. Akiwa hajitambui asitiliwe chochote mdomoni. Alazwe ubavu na akimbizwe hospitali. Kopo hilo lisitumike kwa chai ya wanakwaya.